Maji ya Ilula Yanafika kwa Nyangumi



Siku moja tulikuwa gulioni Ilula. Vijana walikuwa wanapakia matenga ya nyanya kwenye lori la kwenda Dar es Salaam. Dereva wa lori hilo alikuwa anatusimulia habari za nyangumi waliopita karibu na pwani. Wengi walicheka, wakadhani ni chumvi za madereva. Kisha mzee mmoja akauliza, "Haya kijana wangu, hata kama ni kweli, huyo nyangumi anatuhusu nini sisi watu wa milimani?"

Swali la mzee ni zuri. Kutoka Ilula mpaka baharini ni zaidi ya kilometa 400 kwa barabara. Wengi wetu hatujaiona bahari hata siku moja. Lakini kila mwaka, tarehe 8 Juni, dunia husherehekea Siku ya Bahari. Sikukuu hiyo inatuhusu pia. Hebu tueleze kwa nini.

NYANGUMI NI MNYAMA GANI?

Watu wengi hudhani nyangumi ni samaki. Si samaki. Nyangumi ni mnyama kama ng'ombe au mbuzi. Damu yake ni ya moto. Hana matamvua ya kuvutia hewa majini, bali ana mapafu kama sisi. Kwa hiyo ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Anapotoa pumzi hiyo, mvuke hurushwa juu, na wavuvi huuona kwa mbali. Jike huzaa mtoto na kumnyonyesha.

Wako nyangumi wa aina nyingi. Anayepita sana katika pwani yetu ni nyangumi wa nundu. Urefu wake ni kama mita 12 mpaka 16. Basi kubwa la abiria linalopita hapa Ilula lina urefu wa mita 12 hivi. Uzito wake waweza kufika tani 30, yaani sawa na tembo dume watano. Mtoto akizaliwa tu ana urefu wa mita 4 na uzito wa karibu tani moja.

Nyangumi hawa hula chakula chao katika bahari ya baridi kali, kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu. Ajabu ni kwamba chakula chao ni viumbe wadogo sana wanaofanana na kamba. Baridi inapozidi huko kusini, wao husafiri maelfu ya kilometa kuja kwenye maji ya moto. Hupita Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya. Kwetu huonekana hasa kuanzia Julai mpaka Oktoba au Novemba. Huku ndiko wanakozaa na kulea. Kwa muda wote huo hula kidogo sana, au hawali kabisa. Huishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini, kama mkulima anavyoishi kwa mahindi ya ghalani.

Tusichanganye nyangumi na papa potwe wa kisiwa cha Mafia. Papa potwe ni samaki, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Yeye huonekana sana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi. Wote wawili ni wapole, hawali watu.

WALIVYOKARIBIA KUISHA

Zamani nyangumi walikuwa wengi mno. Kisha watu wa mataifa makubwa wakaanza kuwawinda kwa meli na mizinga ya kurusha mikuki. Walitaka mafuta. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa, yalitengeneza sabuni, hata siagi ya viwandani. Katika karne ya 20 peke yake, karibu nyangumi milioni 3 wa aina zote waliuawa duniani. Katika nusu ya kusini ya dunia waliuawa zaidi ya nyangumi wa nundu 200,000. Mji wa Durban, Afrika Kusini, ulikuwa na kituo cha kuwachinjia mpaka mwaka 1975.

Nyangumi jike huzaa mtoto mmoja tu, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ukiua haraka kuliko wanavyozaa, wataisha. Hiyo ni hesabu ya kawaida. Hata mwenye mbuzi kumi anaijua.

Basi mataifa yakakaa kikao. Mwaka 1963 uwindaji wa nyangumi wa nundu ulikatazwa katika bahari za kusini. Wako waliovunja mapatano hayo kwa siri kwa miaka kadhaa. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Visiwa vya Shelisheli, nchi ndogo kabisa, ndivyo vilivyotoa pendekezo hilo. Mwaka 1982 ikakubaliwa kusimamisha uwindaji wote wa biashara, na amri ikaanza kutumika mwaka 1986. Kenya ilijiunga na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi mwaka 1981, na Tanzania mwaka 2008.

Matokeo yake ni nini? Nyangumi wa nundu wanaongezeka tena. Ndiyo sababu siku hizi wavuvi wa pwani yetu huwaona.

Hili ndilo jambo la kwanza la kusherehekea. Kitu kilichoharibiwa na watu kinaweza kurudi, kama watu watapatana na kuyashika mapatano yao.

WENZETU WANAVYOSHEREHEKEA

Katika kisiwa cha Maui, Hawaii, watu hufanya Siku ya Nyangumi kila mwezi wa Februari, tangu mwaka 1980. Watoto huvaa mavazi ya wanyama wa baharini, watu huandamana na ngoma hupigwa. Wamechagua Februari kwa sababu ndipo nyangumi wanapokuwa kwao.

Siku ya Bahari Duniani, tarehe 8 Juni, ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008, na ikaanza kuadhimishwa rasmi mwaka 2009. Kwetu tarehe hiyo inafaa sana, maana nyangumi wanakaribia kufika. Tena siku tatu kabla yake, tarehe 5 Juni, ni Siku ya Mazingira Duniani, ambayo vijiji vingi vya Tanzania huijua.

Tutazame pia Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Zamani wavuvi wa huko waliwaua pomboo na kuwafanya chambo cha kuvulia papa. Pomboo ni ndugu mdogo wa nyangumi. Miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama pomboo. Wavuvi wakaona kwamba pomboo aliye hai huleta fedha kila siku, lakini aliyekufa huleta fedha mara moja tu. Uwindaji ukakoma. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, ikawa eneo la hifadhi. Leo kijiji hicho kina tamasha lake kubwa kila Agosti, na pomboo ni sifa ya kijiji.

Lakini hata huko kuna la kujifunza. Mashua zikiwa nyingi na kuwakimbiza pomboo, wanyama hao hukosa kupumzika na kunyonyesha. Kumpenda mnyama tu hakutoshi. Lazima kuwe na utaratibu, na utaratibu ufuatwe.

MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Sasa turudi kwenye swali la mzee.

Mvua ikinyesha Ilula, maji huteremka makorongoni na kwenye vijito. Vijito vyetu huelekea Mto Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu hupita bwawa la Kidatu, kisha huingia Mto Rufiji. Rufiji hupita Bwawa la Julius Nyerere, halafu huenda kujigawa mikono mingi karibu na bahari. Hapo pana msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Mbele ya mikoko hiyo kuna kisiwa cha Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1995.

Kwa hiyo Ilula na Mafia ni majirani. Sisi tuko juu ya mto, wao wako chini. Ni kama watu wawili wenye mfereji mmoja. Wa juu akichafua, wa chini hunywa uchafu.

Tunawapelekea nini majirani zetu? Mto ukiwa mzima, tunawapelekea maji matamu na rutuba. Mikoko hukua, na kamba na samaki wadogo hupata maficho. Ukulima ukiwa mbaya, tunawapelekea tope, sumu na plastiki.

Tope jingi hukamatwa na mabwawa, lakini hiyo nayo ni hasara. Bwawa likijaa tope, maji ya kuzalisha umeme hupungua. Tope linalofika baharini huyafunika majani ya chini ya maji. Majani hayo ndiyo malisho ya nguva. Nguva ni mnyama mpole anayenyonyesha kama nyangumi, na sasa wamebaki wachache sana. Bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo kimbilio lao kubwa katika Tanzania.

Plastiki haiozi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado ni nyingi. Chupa iliyotupwa korongoni huchukuliwa na mafuriko. Ikikatikakatika vipande, samaki huvimeza wakidhani ni chakula.

MBOLEA YA BAHARI

Mkulima anajua maana ya samadi. Bahari nayo ina samadi yake. Mavi ya nyangumi hurutubisha maji pale wanapolisha. Mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho, huota humo. Mimea hiyo huliwa na viumbe wadogo, nao huliwa na samaki. Tena mimea ya baharini hutoa karibu nusu ya hewa safi inayotengenezwa duniani. Kwa hiyo tunapovuta pumzi hapa milimani, bahari imetusaidia.

VIPI KUHUSU VINYUNGU?

Hapa tuseme kweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini vinyungu viko mabondeni, na vinyungu ndivyo vinavyotupa mboga wakati wa kiangazi, na ada za watoto. Mama mwenye kinyungu kimoja ukimwambia tu "ondoka", umemwambia akale wapi?

Hata hivyo, sote tumeona vijito vilivyokuwa na maji mwaka mzima vikikauka mwezi wa Septemba. Ruaha Mkuu wenyewe, kule kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Maji yakiisha, kinyungu nacho kimekwisha, hata bila sheria. Basi jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa kijiji, mapema, na wenye vinyungu wenyewe wawepo. Isisubiriwe mpaka watu waanze kufukuzana.

Mambo mengine hayahitaji mkutano. Kila mtu anaweza kuyaanza leo:

1. Usioshe bomba la kunyunyizia dawa mtoni. Lioshee shambani, mbali na maji.

2. Chupa ya dawa ikiisha, isukutue mara tatu na umimine maji hayo ndani ya bomba, uyanyunyize shambani. Kisha itoboe. Usiitupe korongoni, wala usiwape watoto wachotee maji.

3. Lima kwa kukinga mteremko, usilime kufuata mteremko. Panda majani kwenye matuta ili udongo ubaki.

4. Usipande milingoti kwenye chemchemi. Inakunywa maji mengi. Panda mivengi na miti mingine ya asili inayopenda maji.

SIKUKUU YETU

Tunapendekeza hivi. Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 8 Juni, kila kitongoji kichague kijito kimoja. Watu waokote chupa na mifuko kando yake. Wanafunzi wachore ramani ya safari ya maji kutoka Ilula mpaka Mafia. Wazee wawaeleze vijana chemchemi zilikuwa wapi zamani, na miti gani ilizizunguka. Miti yenyewe ipandwe mvua zinapoanza, maana Juni ni kiangazi na miche itakufa. Jioni ngoma ipigwe, watu wale pamoja. Sherehe bila kazi ni kelele tu, na kazi bila sherehe huchosha.

Yule mzee wa gulioni alisikiliza maelezo haya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe! Basi nyangumi ni jirani yangu, ila sijapata kumsalimu." Akainuka, akaokota chupa mbili za dawa zilizokuwa karibu na mfereji, akaenda nazo.

Ndugu msomaji, na wewe kijito chako ni kipi?

MANENO MAPYA

Matamvua: sehemu ya mwili ambayo samaki huvutia hewa majini.
Mikoko: miti inayoota kwenye maji ya chumvi ufukoni.
Pomboo: mnyama wa baharini wa jamii ya nyangumi, mdogo kuliko yeye.
Hifadhi: mahali panapolindwa ili viumbe wasiharibiwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nyangumi si samaki?
2. Mataifa yalifanya nini ili nyangumi wasiishe?
3. Taja mito na mabwawa ambayo maji ya Ilula hupitia mpaka baharini.
4. Watu wa Kizimkazi walibadili nini, na walipata faida gani?
5. Kijijini kwenu, mngepatana vipi kuhusu vinyungu na vyanzo vya maji ili pasiwe na mtu wa kulala njaa?