Mitambo ya Biashara Iwekwe Wapi?



Mnamo tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine za kanda hii zilipatwa na upungufu mkubwa wa intaneti. Kwa sisi tusio na bahari, ambao mawasiliano yetu hupitia Mombasa na Dar es Salaam, tukio hilo lilizusha swali ambalo wafanyabiashara wengi hawajalitafakari vya kutosha: mitambo inayoendesha mtandao wa biashara, yaani seva na ruta, iwekwe wapi?

Wengi wangali wakiiweka katika chumba cha nyuma cha ofisi, chenye feni moja na betri ya dakika chache. Kwa duka dogo hilo si kosa. Lakini chama cha akiba na mikopo chenye matawi kadhaa hakiwezi kuwaambia wanachama wake kwamba fedha zao hazitoki kwa sababu umeme umekatika mjini. Ndiyo maana vimejengwa vituo vya data, kama vile vilivyopo Nairobi, Mombasa na Kampala, ambavyo humkodisha mteja nafasi, umeme, upozaji wa hewa na ulinzi.

Mwenye kituo akiulizwa juu ya umeme atajibu kwamba anayo jenereta. Jibu hilo halitoshi. Umeme ulipokatika karibu Kenya nzima usiku wa tarehe 25 Agosti, 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao uliingia gizani, kwa kuwa jenereta ya akiba ilishindwa kuwaka. Yafaa basi kuuliza hujaribiwa mara ngapi ikiwa imebeba mzigo kamili, na mafuta yaliyopo yatatosha saa ngapi. Taasisi iitwayo Uptime Institute huvipanga vituo katika madaraja manne. Katika daraja la tatu, sehemu yoyote ya umeme au ya upozaji yaweza kutengenezwa pasipo kuzima mitambo ya wateja. Hata hivyo, kuna cheti cha michoro na kuna cheti cha jengo lililokwisha kujengwa. Mnunuzi mwangalifu hudai hicho cha pili.

Kuhusu njia za mawasiliano, wingi wa kampuni si hoja. Kampuni tatu zaweza kuingia jengoni kwa mtaro mmoja, na mchimba barabara mmoja akazinyamazisha zote kwa siku moja. Au zote zikawa zimekodi mkongo ule ule wa baharini. Iombwe ramani, tangu mlangoni hadi pwani.

Tena, nakala ya kumbukumbu isilale nyumba moja na kumbukumbu yenyewe. Tarehe 10 Machi, 2021, moto uliteketeza kituo kimoja cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waliokuwa na nakala zao mahali hapo hapo walipoteza vyote viwili.

Bei hutegemea zaidi kiasi cha umeme kitakachotumika kuliko ukubwa wa nafasi. Na kabla ya kutia sahihi, kisomwe kifungu cha fidia: mara nyingi kinachoahidiwa huduma ikikatika ni punguzo la kodi ya mwezi, wala si thamani ya biashara iliyopotea.