Je, Wajua? Teke Moja, Ngumi Tatu

Katika taekwondo, ngumi ya kifuani ni pointi 1. Teke la kichwani ni 3. Ukilipiga kwa kuzunguka, 5. Ngumi ya usoni? Marufuku kabisa.

Rio 2016, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alikuwa nyuma 6–4, fainali ikielekea sekunde ya mwisho. Akazunguka. Kisigino kikagonga kofia ya mpinzani wake Mwingereza: pointi 4 kwa kanuni za wakati ule, 8–6. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake! Michezo hiyohiyo, Rosa Keleku aliiwakilisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, daraja la kilo 49.

Ila anayerusha teke la juu husimama kwa mguu mmoja. Vijana wa Kasulo, hukohuko Kongo, mnaoishi na mashimo ya kobalti hadi uani, tafuteni kwanza ardhi iliyo imara ya kufanyia mazoezi.