Mtoto Huyu Ana Nini?

Mabibi na mabwana wa madarasa ya kisomo, ninyi mlioko Mwanza mjini, Magu na Sengerema, na ninyi wa ng'ambo ya maji huko Ukerewe, sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: KUCHELEWA na JINA. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuendelee.

Leo tutazungumza juu ya mtoto anayechelewa. Wenzake wamekaa, yeye hakai. Wenzake wanatembea, yeye hatembei. Au anatembea vizuri kabisa, lakini hasemi. Wazazi wanampeleka kwa mganga wa zahanati, nao wanaambiwa, "Subirini, atakua." Wanakwenda mahali pengine, wanaambiwa, "Mtoto huyu amechelewa." Wakirudi nyumbani bibi yake anauliza, "Haya wanangu, mmeambiwa ana nini?" Hawana la kumjibu. Kwamba amechelewa walilijua wenyewe kabla ya kutoka mlangoni.

Watu wengine huwalaumu wazazi hao. Husema, "Jina la ugonjwa litawasaidia nini? Mtoto ni yule yule." Mimi sikubali. Tazameni mfano huu.

Tuseme wako watoto wanne, kila mmoja ana miaka mitatu, wamekaa mkekani. Hakuna hata mmoja anayesema. Wa kwanza hasikii. Akili yake ni nzima, ila maneno hayamfikii. Huyu anahitaji kufundishwa lugha ya alama mapema, na baadaye shule yake. Tabora kuna shule ya viziwi tangu mwaka 1963. Wa pili ana mtindio wa ubongo, yaani sehemu ya ubongo iliumia kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Viungo vyake hukakamaa au hulegea, hata ulimi haumtii. Huenda anaelewa kila mnalosema. Yeye anahitaji mazoezi ya viungo, na mama afundishwe namna ya kumkalisha na kumlisha asipaliwe.

Wa tatu ana hali ya Down, iliyopewa jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1866. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha sababu yake. Katika chembe za mwili wa mtu mna vijiuzi vidogo mno, 46 kwa hesabu. Mtoto huyu anavyo 47. Hakuna aliyemroga, wala mama hakula kitu kibaya. Lakini watoto wengi wa namna hii huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo mara jina likijulikana moyo nao upimwe. Wa nne ana usonji. Anasikia kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, lakini ukimwita jina hageuki. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Atapanga vifuniko vya soda mstari mmoja tangu asubuhi, na ukivivuruga atalia sana. Usonji hauonekani katika damu wala katika picha ya eksirei. Daktari huujua kwa kumtazama mtoto na kuwauliza wazazi.

Mnaona sasa? Watoto wanne, kimya kimoja, njia nne. Anayewaambia wote "subirini" amewapa dawa moja wagonjwa wanne.

Neno moja nawaomba mlishike: masikio yapimwe kwanza, hata kama mnadhani mtoto anasikia. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi. Aweza kusikia kishindo na asisikie maneno, au akahisi upepo wa mikono yako akageuka. Hospitali kubwa zina mashine ya kupima hata mtoto mchanga akiwa usingizini. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi nilikuwa na mtoto mmoja niliyemweka dawati la nyuma, nikamwita mzito. Mwaka mzima. Halafu shangazi yake akagundua kwamba hasikii upande mmoja kabisa, na upande wa pili anasikia kidogo tu. Nilikuwa nimemweka mahali pabaya kuliko pote darasani.

Sasa, mzazi atajuaje kwamba kuchelewa kumezidi? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyotokana na watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walikaa bila kushikwa kabla ya kupita miezi 9 na kidogo, na karibu wote walitembea peke yao kabla ya kutimiza miezi 18. Ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati kwa miezi miwili, toeni hiyo miezi miwili katika hesabu. Mtoto asiyepita vipimo hivi apelekwe kutazamwa. Na mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akayapoteza, msimngojee hata mwezi mmoja.

Hapa ndipo kisomo chenu kinapoingia. Daktari atamwona mtoto kwa dakika chache, naye mtoto atakuwa amechoka kwa safari, pengine analia au amelala. Ninyi mnamwona siku zote. Lakini mama akiulizwa ghafula, "Degedege lilimshika lini?" husahau. Basi nunueni daftari dogo. Andikeni mambo ya kuzaliwa kwake: alilia mara moja, au walimpigapiga kwanza? Macho yake yaligeuka manjano? Aliwahi kupata malaria kali au homa ya uti wa mgongo akapoteza fahamu? Andikeni tarehe. Halafu andikeni anayoyafanya na asiyoyafanya. Msiandike "hana akili." Andikeni "nikimwambia lete kikombe, analeta," au "haleti mpaka nimwonyeshe kwa mkono." Sentensi fupi kama hiyo humfaa daktari kuliko malalamiko ya saa nzima. Herufi zikienda upande hakuna atakayewacheka. Pamoja na daftari, chukueni kadi ya kliniki ya mtoto.

Halafu njia. Anzeni zahanati au kituo cha afya, muombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Kutoka hapo mwaweza kupelekwa Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya mkoa, au Bugando, ile ya juu ya kilima iliyofunguliwa mwaka 1971, inayopokea wagonjwa wa mikoa yote ya ziwa. Najua safari ni gharama. Mtu wa Nansio hulipa nauli ya meli kwenda na kurudi, na siku za kazi zinapotea. Ndiyo maana nasema msiende mikono mitupu, mkarudi na neno "subirini" peke yake.

Mkifika, mwambieni mpimaji lugha mnayotumia nyumbani. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kikerewe akiulizwa kwa Kiswahili atanyamaza, na kimya chake kitaandikwa kuwa ni ujinga. Hata vitu vya kupimia vina mambo yake. Mtoto ambaye hajapata kuona mchezo wa kupanga vipande vya picha atashindwaje kushindwa? Kwa ajili hiyo wataalamu wa Kilifi, pwani ya Kenya, walitengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 mpaka 35, na Malawi nao wakatengeneza chao, kilichotolewa mwaka 2010, kwa vitu na desturi ambazo watoto wa huku wanazijua.

Huenda daktari akasema, "Bado sina jina." Si lazima kuwa anawaficha. Kwa mtoto mdogo sana dalili hufanana, na jina la leo laweza kubadilika akikua. Lakini hapo msiinuke kitini. Muulizeni kwa heshima: "Daktari, ni mambo gani umekwisha kuyaondoa? Tumrudishe lini? Na tufanye nini nyumbani mpaka siku hiyo?" Majibu yaandikwe katika lile daftari, na ikiwezekana ayaandike yeye mwenyewe. Mazoezi na mafundisho ya mtoto yaweza kuanza kabla ya jina kupatikana. Baba naye aende. Nimeona mara nyingi mama amepewa maelezo mazuri, akarudi nyumbani, mumewe akasema hayaamini kwa sababu hakuyasikia.

Kazi ya darasa ni hii. Kila mmoja achague mtoto mmoja anayemjua vizuri, mzima au mwenye shida, aandike sentensi tano za mambo aliyomwona akiyafanya jana. Aliyoyaona kwa macho, si anayoyadhani. Mwalimu atazisoma, na penye neno kama "mvivu" au "mjinga" apige mstari, amwulize mwandishi: uliona nini hasa?

Juma lijalo tutaendelea na habari za kifafa. Kwaherini.