Uundaji wa michezo ya kompyuta: Njia ya kijana wa Kasulu na Kibondo hupitia Hisabati

Mzazi wa Kasulu aliyeuza maharage, au wa Kibondo aliyeuza muhogo, ili kugharamia masomo ya mwanawe hupata wasiwasi anaposikia kijana huyo anataka kwenda chuo kikuu kusomea "gemu". Neno lenyewe limeiharibia sifa fani hii, kwani huleta picha ya vibanda vya mijini ambamo watoto hukesha mbele ya runinga, ama ya michezo ya kubahatisha. Uundaji wa michezo ya kompyuta ni tawi la Sayansi ya Kompyuta, na ni miongoni mwa matawi yanayodai Hisabati nyingi.

Jambo la kwanza kwa mwombaji ni kutambua kuwa katika vyuo vikuu nchini fani hii kwa kawaida haisimami kama shahada yenye jina lake. Mwanafunzi hudahiliwa katika Shahada ya Sayansi ya Kompyuta, inayotolewa na vyuo kadhaa vikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha huielekea michezo kupitia masomo ya hiari na mradi wa mwaka wa mwisho. Anayevutiwa zaidi na uchoraji wa wahusika na mandhari anaweza kuangalia programu ya teknolojia ya midia anuwai na uhuishaji iliyopo Dodoma. Hizo ni kazi mbili tofauti: mmoja huchora mwanasesere, mwingine huandika maagizo yanayomfanya atembee, agonge ukuta na kuanguka.

Ugumu wa kazi ya pili unaonekana katika mchezo ambao Watanzania wengi wanaufahamu, yaani bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kwa kompyuta, ubao huo ni orodha ya namba 32 tu. Kusambaza kete ni kupunguza namba moja na kuongeza zinazofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji hulala. Ikiangukia shimo lenye kete, mchezo unaendelea kwa mujibu wa kanuni za kula na kutakata.

Hapo ndipo shida inapoanza. Wachunguzi wa bao wamebaini kwamba ipo mizunguko ambayo, kinadharia, haina mwisho. Mtu barazani akichoka huacha, lakini programu isiyowekewa mpaka itazunguka hadi simu iishiwe chaji. Mwanafunzi hulazimika kuifanya programu ikumbuke hali ilizokwisha kupitia, na kwa kufanya hivyo anakuwa ameingia katika muundo wa data na nadharia ya ukokotoaji bila kuambiwa. Akitaka kompyuta icheze dhidi ya binadamu, ugumu huongezeka. Kila zamu ikiwa na chaguo tano, kutazama hatua sita mbele ni kupima njia 15,625. Hatua nane ni 390,625. Lazima ajue zipi za kuacha mapema. Michezo yenye picha zinazosogea huongeza vekta, matriki na fizikia, na yote hukokotolewa kwa takribani milisekunde 16 ikiwa picha zitabadilika mara 60 kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo uamuzi mkubwa hufanyika mapema, kijana akiwa bado shuleni. Programu nyingi za Sayansi ya Kompyuta huangalia ufaulu wa Hisabati, ama ya kidato cha sita ama, kwa baadhi ya vyuo, ya kidato cha nne. Miongoni mwa tahasusi mpya zilizotangazwa mwaka 2024 ipo ya Fizikia, Hisabati ya Juu na Sayansi ya Kompyuta. Ipo pia njia ya stashahada. Sifa za kila programu huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na ni vyema mwongozo huo usomwe kabla ya kuchagua tahasusi, badala ya kusubiri matokeo ya kidato cha sita.

Je, kazi ipo? Ajira katika kampuni za michezo ya burudani bado ni chache katika ukanda huu, na mzazi anayeuliza hivyo ana haki ya kuuliza. Hata hivyo ujuzi huohuo hutumika kwingine, hususan katika elimu. Kuelekea mwaka 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Programu hizo zimejengwa kwa mbinu za michezo: mtoto hugusa, hukosea, hujaribu tena na kupanda ngazi.

Wilaya hizi, ambako ziliwekwa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, zina sababu ya kuifahamu pia habari ya Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta mpakato, naye alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifunza mwenyewe kuandika programu, akaunda mchezo wa Salaam unaohusu amani, na baadaye akaanzisha kampuni ya Junub Games nchini Marekani.

Anayeanza leo anaweza kutumia Godot, chombo cha kuundia michezo kisicholipiwa, kinachofanya kazi bila intaneti kikishapakuliwa na kisichohitaji kompyuta ya gharama kubwa. Mchezo wa bao ulioundwa humo waweza kuwekwa katika simujanja ya kawaida na kurushwa kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine, hata pale sokoni Kibondo ambapo mwenye simu hana bando.