Kabla hujamnunulia kijana wako randa

Mpwa wetu alipohitimu mafunzo ya useremala, familia ilichanga fedha za kumnunulia randa ya chuma. Ilikuwa randa moja tu, kwa sababu waliochanga ni watu wenye ada za shule na kodi za nyumba. Marehemu baba yetu alikuwa seremala, nasi tulikua tukicheza katika maranda yake. Hivyo jukumu la kuchagua likatuangukia sisi. Tulichagua vibaya.

Kazi ya kwanza ya kijana ilikuwa meza ya kuandikia ya mninga, yenye droo nne. Nyuso za droo zilipaswa kuingia ndani ya fremu pasipo kukwama wala kuacha mwanya mkubwa. Ugumu wote ulikuwa katika vichwa vya mbao, yaani pale nyuzi zinapokomea. Msomaji asiye seremala na achukue ufagio wa chelewa. Kisu kikipita kwa urefu wake, huzitenganisha njiti tu. Kikipita kwenye vichwa vyake, hakina budi kuikata kila njiti. Na kikiwa butu, huzilaza na kuzirarua. Ndivyo ubao unavyotendwa na randa.

Tulijua kwamba kichwa cha ubao huhitaji kisu kinacholala chini zaidi, tukamnunulia randa ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja, tukiamini kwamba kila randa ndogo ina kisu cha namna hiyo. Baada ya siku mbili akaturejea. "Mjomba, shikamoo. Hii mbona inararua kama ile ya karakana?"

Alisema kweli. Katika randa ya kawaida kisu hulala kwa nyuzi 45, na upande wake ulionolewa hutazama chini; kwa hiyo pembe ya kukata ni hizo hizo 45. Katika randa ndogo upande ulionolewa hutazama juu, na pembe ya kunoa hujumlishwa na pembe ya kitako cha kisu. Randa aina ya Stanley 9½, kwa mfano, ina kitako cha nyuzi 20. Kisu kikinolewa kwa 25, jumla ni 45, sawasawa na ile kubwa! Stanley 60½ hufanana nayo kwa umbo, ila kitako chake ni nyuzi 12, na jumla huwa 37. Hiyo ndiyo tuliyopaswa kuitafuta. Basi mnunuzi asitazame udogo wa randa, atazame kitako cha kisu.

Hata hivyo, pembe pekee haitoshi. Tulikichukua kisu cha randa ile ile tuliyokosea, tukakinoa kwenye jiwe la maji hadi kikanyoa malaika ya mkono, tukakirudisha kikiwa kimechungulia kidogo mno. Kichwa cha mninga kikatoka laini na chenye kung'aa. Tuliona haya kidogo. Ukali wa kisu ulikuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi tuliyoitarajia kwa fedha za familia. Tangu hapo tunampa shauri kila mzazi atenge sehemu ya bajeti yake kwa ajili ya jiwe zuri la kunolea, hata kama randa itakuwa ya mtumba. Na ikiwa ni ya mtumba, aichunguze pembeni mwa mdomo kama haina ufa, na apime urefu wa kisu kilichosalia.

Asidanganyike pia akakinoa kisu kuwa chembamba kupita kiasi ili apunguze pembe. Chini ya nyuzi 25 ncha hulika upesi katika mbao ngumu. Mvule ndio mtihani mkubwa, kwa maana ndani yake huweza kufichika vijiwe vya chokaa vinavyotia kisu mapengo.

Jambo la pili ni kibao cha kurandia vichwa, ambacho hakinunuliwi. Ni mbao mbili zilizopandishwa ili zifanye ngazi, na kizuizi kilichopigiliwa kwa pembe mraba. Ubao hulala juu ukiegemea kizuizi, na randa huteleza chini kwa ubavu wake. Hapo randa ndogo humchosha mtu. Afadhali ndefu na nzito, na ya kawaida ya nyuzi 45 huitosha kazi hiyo ikiwa kali, mradi ubavu wake uwe mraba na tako lake. Kizuizi kikigusa ukingo wa nyuma wa ubao sawasawa, nyuzi za mwisho hazibanduki. Asiye na kibao arande kutoka pande zote mbili akikomea katikati, au achonge kwanza kona ya nyuma kidogo.

Wenye uwezo hununua randa ndefu yenye kitako cha nyuzi 12, mfano wa Stanley 62. Ni nzuri kwa vichwa, lakini kwa uso wa mninga wenye nyuzi zilizosokotana hurarua, isipokuwa iwe na kisu cha pili kilichonolewa kwa pembe kubwa zaidi.

Droo nne ziliingia. Ya tatu ina mwanya mpana kuliko wenzake, nasi tunajua ilirandwa siku gani. Kijana bado anaitumia randa ile kwa kuondoa ncha kali za kingo, na ameanza kuweka akiba ya ile ya nyuzi 12. Safari hii ataichagua mwenyewe.