Leza Ikiyumba, Saa Inapotea

Chalinze wengi tunaijua kwa njia panda, magari ya Morogoro huku, ya Segera na Tanga kule. Siku hizi ni njia panda ya umeme pia. Laini ya kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere, urefu wa kilomita 160 hivi, inaishia kwenye kituo cha kupoza umeme cha hapo.

Laini ndefu namna hiyo ikipata hitilafu porini, mojawapo ya mbinu za kupajua mahali penyewe ni kupima wakati. Hitilafu hurusha wimbi pande zote mbili, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kituo cha kila mwisho wa laini huandika lilifika saa ngapi, na tofauti ndiyo inayotoa umbali. Saa hizo mbili zikipishana kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mafundi wanapelekwa mita 150 pembeni. Zikipishana kwa sehemu moja ya elfu, kosa ni kilomita 150, karibu laini nzima!

Saa hizo husahihishwa na setilaiti za GPS zenye saa za atomu. Atomu haichakai: ile ya sesiamu huitikia mawimbi yanayotetema mara 9,192,631,770 kwa sekunde, na tangu 1967 ndiyo inayofafanua sekunde. Udhaifu uko kwa anayeihoji, na katika saa nyingi za kizazi kipya anayehoji ni leza.

Leza hupenya kichupa cha mvuke wa atomu, na kihisi ng'ambo hupima mwanga uliobaki. Ukipungua, je, atomu zimeumeza au leza imefifia? Kihisi hakijui. Kwa hiyo mwali hugawanywa, mmoja ukapita kando ya mvuke, kisha kipimo kimoja hutolewa kwenye kingine na kelele ya pamoja ikafutika.

Kelele sugu ni ya masafa ya leza, yaani mitetemo ya mwanga wake kwa sekunde. Yakiyumba, atomu humeza mwanga zaidi au pungufu, na yumbo hilo mwali wa pili haulioni kabisa. Hapo leza hufungwa kwenye vioo viwili vinavyotazamana, kwa mbinu iliyochapishwa 1983 na Drever, Hall na wenzao: masafa yakiteleza, mwanga unaorudi hutoa ishara ya kuyarekebisha. Maabara ya PTB, Ujerumani, ilitenganisha vioo hivyo kwa silikoni iliyopozwa hadi nyuzi 149 chini ya sifuri, ambako haitanuki wala kusinyaa joto likibadilika kidogo. Kwangu hiyo ni kazi ya kuvulia kofia.

Kituo cha umeme hakihitaji mtambo huo. Kinahitaji saa ya kushika wakati mawimbi ya setilaiti yakikatika. Saa za atomu zenye leza, ukubwa wa kiberiti, zinauzwa tangu 2011. Humo leza hufungwa kwenye mvuke wenyewe, joto lake likidhibitiwa ili masafa yasihame.