Jiko la Noeli: Chakula cha Sikukuu Kisigeuke Sumu

Ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, mabasi yanayopita Bunda kuelekea Musoma na Sirari hujaa. Watoto waliokwenda kutafuta maisha Mwanza, Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanarudi kuwaona wazee. Nyumba iliyozoea kupikia watu watano inajikuta inapikia watu ishirini na tano. Unga wa ngano unanunuliwa, jogoo anafungwa kamba mguuni, na akina mama wanaanza kukesha jikoni.

Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona tuzungumzie jiko hilo. Hatutaki kumharibia mtu sikukuu yake. Kula pamoja ni sehemu ya furaha ya Noeli, na mtoto hukumbuka harufu ya maandazi ya bibi yake mpaka uzeeni. Lakini siku hizo hizo za furaha ndizo ambazo watoto huungua kwa mafuta, familia nzima huharisha, na wageni hulala katika chumba chenye jiko la mkaa. Karibu mambo yote haya yanaweza kuzuilika, na bila gharama kubwa.

SIKUKUU YA KWAO NA YA KWETU

Desturi ya kuoka keki na biskuti za Noeli ilitoka nchi za Ulaya. Huko mwezi wa Desemba ni wa baridi kali. Keki yao ya matunda huokwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu, ikawekwa kabatini isiharibike. Inadumu kwa sababu ina sukari nyingi na matunda makavu, na kwa sababu nyumba ni ya baridi.

Kwetu Mara, Desemba ni joto na mara nyingi mvua za vuli bado zinanyesha. Hewa ina unyevu, nzi ni wengi, na nyumba nyingi hazina friji. Kwa hiyo meza yetu imejengwa kwa njia nyingine. Kando ya ziwa, Musoma na vijiji vya Wajita, Wakwaya na Waruri, samaki hakosi: sato, sangara, au dagaa. Butiama na vilima vya Wazanaki, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo bado una heshima yake. Bunda, mahali ambapo makabila mengi yamekutana, utakuta wali, nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, kuku wa kienyeji na uji wa ulezi. Juu ya hivyo vyote sikukuu imeongeza pilau, chapati, maandazi, vitumbua, na kwa wenye uwezo, keki.

KWA NINI ANDAZI HUDUMU NA PILAU HUHARIBIKA

Vijidudu vinavyoharibu chakula vinahitaji maji, joto la wastani na muda. Ukiviondolea kimojawapo, umevizuia. Ndiyo maana wazee wetu walianika dagaa juani, wakakausha nyama juu ya moshi, na wakayaacha maziwa yagande hadi yawe machachu. Ukavu, chumvi, sukari na uchachu ni walinzi wa chakula.

Sasa angalia vyakula vya sikukuu. Andazi lililoiva vizuri mpaka ndani lina maji kidogo. Likipozwa na kuwekwa katika chombo safi kilichofunikwa, linaweza kuliwa kesho yake bila wasiwasi. Pilau lina maji, mafuta na nyama. Likikaa katika sufuria kubwa usiku kucha, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio vijidudu vinaupenda kuliko kitu chochote.

Wali una hatari yake ya pekee. Upo kijidudu ambacho mbegu zake huvumilia hata maji yanayochemka. Wali ukiachwa uvuguvugu, mbegu hizo huamka, vijidudu huongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo yule anayesema, “Nitakichemsha sana kiporo, hakina neno,” anaua vijidudu lakini sumu inabaki ndani. Baada ya saa chache watu wanaanza kutapika.

Kanuni ni rahisi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiwe cha moto sana, zaidi ya nyuzi 60, au kiwe baridi ya friji, chini ya nyuzi 5. Mwenye friji agawe pilau katika vyombo vidogo vya kina kifupi ili lipoe upesi, na kesho yake alipashe mara moja tu, mpaka moshi utoke kote. Asiye na friji apike mara mbili kwa kiasi kidogo, kuliko kupika sufuria moja ya kulisha watu toka mchana mpaka asubuhi. Chakula kikizidi, majirani wapo. Kiwafikie kingali cha moto.

Keki nayo si zote sawa. Keki kavu isiyo na krimu hudumu siku mbili au tatu. Ile iliyopakwa krimu ya maziwa au mayai mabichi, katika joto letu, iliwe siku ile ile.

KEKI YA SUFURIA NA SUMU ISIYOONEKANA

Akina mama wengi wa kwetu huoka bila oveni, na keki zao hazina dosari. Mama hutia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akauweka juu ya jiko la mkaa mpaka upate moto. Bati lenye mchanganyiko wa unga, mayai, sukari na siagi huwekwa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa, na makaa hupangwa juu ya mfuniko. Siri ni kuweka moto mdogo chini na mwingi zaidi juu. Mchanga husambaza joto polepole ili keki isiungue chini kabla ya kuiva katikati. Beking pauda ikipata maji na joto hutoa hewa inayoinua unga. Hamira ya maandazi ni tofauti: ni kitu kilicho hai, kinataka maji ya vuguvugu, na maji ya moto sana hukiua. Ndiyo sababu unga wa mtu mwenye haraka hukataa kuumuka.

Hatari iko kwenye mkaa. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, ndio huwadanganya watu, kwa kuwa wanadhani moshi ndiyo sumu peke yake. Hewa hii huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hupata usingizi. Akilala hapo anaweza asiamke tena.

Usiku wa mkesha mvua ikinyesha, mama huingiza jiko ndani ili keki isiharibike. Wageni nao wamelala sebuleni na madirisha yamefungwa. Tunaomba sana: oka barazani, au katika jiko la nje lenye uwazi. Ikilazimu kuoka ndani, acha mlango na dirisha wazi mpaka mwisho. Kamwe jiko la mkaa lisiachwe katika chumba wanamolala watu, hata kama limebaki na makaa machache. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba cha namna hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka.

KARAI LA MAFUTA NA WATOTO

Vitumbua na maandazi vinataka mafuta ya moto, na watoto wanavipenda. Hapo ndipo ajali inapotokea. Jiko liko chini, mtoto anakimbia, mguu unagusa karai. Mafuta huwa na moto kuliko maji yanayochemka, na hushika ngozi.

Kabla hujabandika karai, chagua kona isiyo njia. Weka jiko mahali palipo sawa lisiyumbe. Chora mstari au weka mabenchi, na mtoto mkubwa apewe kazi ya kuwazuia wadogo wasivuke. Usibebe mtoto mgongoni unapokaanga. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji. Funika karai kwa mfuniko na uondoe moto chini yake ukiweza.

Mtoto akiungua, mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Vua nguo na bangili mapema, lakini nguo iliyogandana na ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke zahanati. Usipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta, asali wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo hutunza joto ndani ya kidonda, huleta uchafu, na humpa nesi kazi ya kuviondoa huku mtoto akilia kwa maumivu.

UNGA WA MUHOGO USIOHARAKISHWA

Jambo hili ni la mkoa wetu hasa. Mihogo michungu ina sumu ya asili ambayo ndani ya mwili hutoa sianidi. Wazee walijua kuiondoa: kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi, au kuirundika na kuifunika mpaka ilainike na kuota ukungu, kisha kuikwangua, kuivunja na kuianika mpaka ikauke kabisa. Katika siku hizo zote sumu hugeuka hewa na kutoka.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika Wilaya ya Tarime walikosa chakula kingine na wakafupisha kazi hiyo. Baadhi yao, wengi wakiwa watoto na akina mama, walipooza miguu yote miwili ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938. Konzo haina dawa ya kuiponya. Anayeupata hubaki na kilema cha kutembea maisha yake yote.

Mlo mmoja wa sikukuu hauleti konzo. Huletwa na wiki nyingi za kula muhogo usioandaliwa vizuri bila samaki, maharage au nyama. Lakini unga uliofanywa haraka waweza kumdhuru mtu siku ile ile: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika na kulegea saa chache baada ya kula. Wageni wakiwa wengi na unga ukiisha, ndipo kishawishi cha kuharakisha huja. Anza kuandaa udaga wako mapema Desemba. Kama huna hakika na unga ulio nao, uchanganye na maji, utandaze mwembamba juu ya chano, uuache kivulini saa tano au juani saa mbili, kisha usonge ugali siku ile ile. Sumu nyingi iliyobaki hutoka kwa njia hiyo.

NYAMA NA SAMAKI

Mnyama wa sikukuu achinjwe akiwa mzima, na nyama ikaguliwe na Bwana Afya au mtaalamu wa mifugo. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kabisa, hata kama ni fahali mnono. Kimeta huua ng'ombe ghafla, nacho humpata mtu anayechuna, anayekata na anayekula. Kupika hakutoshi kuondoa hatari hiyo. Maziwa ya wageni nayo yachemshwe.

Samaki mzuri ana macho maangavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Basi anayekuuzia samaki wengi kwa bei ya kutupa bila kusema wametoka wapi, muulize kwanza, kisha ununue. Kachumbari ikatwe kwa kisu na ubao usiotumika kwa nyama mbichi, na ioshwe kwa maji yaliyochemshwa, si yaliyotekwa ziwani moja kwa moja. Kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 kilitufikia sisi pia hapa Mara.

TUMBO LIKIHARIBIKA

Mtu akiharisha au kutapika, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Pakiti za dawa hiyo zikiwepo zahanati ni bora zaidi. Ukiona damu katika choo, macho yaliyoingia ndani, mtoto asiyekojoa au anayelegea, usingoje sikukuu iishe.

Tusiwasahau wazee wenye kisukari na shinikizo la damu. Hao wasiachwe na sahani tupu wala wasilazimishwe soda. Wapewe samaki, mboga na ugali wa kiasi, na dawa zao wazimeze kama kawaida, hata siku ya Noeli.

Bandika haya ukutani jikoni: mkaa nje, watoto mbali na karai, kiporo kisizidi saa mbili, udaga bila haraka, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Haraka haraka haina baraka, na jikoni zaidi. Tunawatakia nyote Noeli njema, na tuonane mwezi ujao tukiwa wazima.